Karibu Mtondogoo, Mji Mkuu wa Jamhuri ya Mtondo

Ukitokea Chimala utapanda kona hamsini na saba.
Usizihesabu. Anayehesabu hutapika kwenye ya arobaini.
Matamba nunua kiberiti, na koti kama hukuja nalo,
kisha muulize yeyote: kwa mama Luvanda ni wapi?
Ni mimi.

Mji unaanzia hapa, penye kigingi chekundu.
Kulia viazi, kushoto viazi.
Tafadhali pita mferejini, usikanyage matuta:
hapo ulipoweka mguu ni Wizara ya Fedha.

Baba yangu, Obadia Luvanda, alikuwa mshika mnyororo.
Miaka minne aliwashikia wapima ardhi,
huko kwenye vumbi, serikali ilipokuwa inahama.
Yeye alishika upande wa sifuri.
Upande wenye namba ulishikwa na waliosoma.
Alirudi na futi kamba iliyokatikia mita ya kumi na tisa,
na kikohozi,
na maneno mawili aliyoyatamka kama jina la mchumba:
mpango kabambe.
Akang'oa pareto. Akasema, sasa na mimi.

Nchi aliiita Mtondo.
“Kesho wanaiahidi wote,” alisema,
“keshokutwa wanaiahidi wabunge.
Mtondo bado haijaahidiwa na mtu.”
Na mji mkuu akauweka siku moja mbele zaidi
ili nchi iwe na pa kwenda.

Fuata Barabara ya Uhuru.
Upana wake ni ng'ombe wawili wakipishana bila kukosana.
Ikulu ni pale penye jiwe, haizidi jiko la mama;
rais akikosa pa kunyoosha miguu, si atatoka atembee?
Bunge ni kile kichaka cha mianzi.
Vikao hufunguliwa masika, ulanzi unapotiririka,
na hoja zote hupita.
Uwanja wa ndege uko bondeni chini ya ukungu.
Ndege ni wawili tu, korongo na mkewe,
nao hutua bila kuomba ruhusa.

Maktaba aliisahau.
Nilimwambia nikiwa darasa la nne, akanipa penseli.
Nafasi ilikuwa imekwisha, nikaichora juu ya Mahakama.
Hakufuta.
Ndiyo maana huku hukumu na hadithi
zinatumia mlango mmoja.

Mgeni mmoja aliuliza idadi ya wananchi.
Sensa ya mwisho: mama, mimi, kaka watatu.
Kaka mmoja yuko Makambako, mmoja Tunduma, vipuri vya pikipiki.
Wa tatu Uhamiaji hawana habari zake.

Baba alikufa Juni, wiki ile sakitu ilipounguza viazi vyote.
Tukakunjua ramani mezani, tukaweka vikombe pembeni isijikunje.
Hospitali mbili. Stendi. Chuo cha ufundi.
Choo cha kulipia, na bei yake.
Makaburi hakuna.
Tukageuza karatasi. Nyuma pia hakuna.

Wazee wa ukoo wakataka wamchukue Bulongwa, kwa babu.
Mama hakubishana nao.
Alichukua futi kamba msumarini,
akanipa mimi upande wa sifuri,
tukatoka kwenye baridi bila viatu vya maana
tukapima.

Ni pale katikati, Uhuru inapokatana na barabara isiyo na jina.
Kipilefti.
Mikokoteni yenye lumbesa inamzunguka kila siku ya mnada,
na matrekta, na watoto wanaokimbiza tairi,
na hakuna aliyewahi kugongana.

Hakuna kiingilio.
Unapoondoka, mzunguke ukimweka kulia, ndiyo sheria.
Na kama gari lako lina msumari wa inchi sita, niachie:
kigingi cha Wizara ya Maji kimelegea tena.